Amri ya Kuzima Moto

Mjukuu wa Bernadeta alikaa wiki ya kwanza bila jina, ikaja ya pili, ikaingia ya tatu, na majirani wa Igoma, ambao hawajawahi kukosa la kusema, wakampa la kwao. Wakamwita Mgeni. "Mgeni kaamkaje?" "Mgeni leo kanyonya?" Precious, mama wa mtoto, aliitikia kwa kucheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimeanza kuchakaa. Mumewe Malimi, fundi wa kuchomelea mageti, alijifanya hasikii. Bernadeta hakucheka wala hakujifanya. Jina alikuwa nalo. Mjukuu wa kwanza wa kiume wa nyumba ile alikuwa Chenge, jina la babu yake, tangu mimba haijaonekana. Kilichokosekana ni ruhusa ya kulitumia.

Mwenye ruhusa alikuwa Mzee Ngosha Mihayo, kaka mkubwa wa marehemu Chenge. Alikuja Jumanne moja kutoka Buswelu kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akasifu masikio yake. Kisha akakataa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na watu wa taratibu wakati mwingine wanachosha kuliko watu wabaya.

"Shemeji," alimwambia Bernadeta, "kwetu jina la marehemu halitolewi msiba wake ukiwa haujaisha."

"Msiba wa miaka kumi na sita, shemeji?"

"Hata ungekuwa wa hamsini. Matanga ya Chenge hayakuanuliwa. Moto wake ulizimwa kwa maji, tena na mtu baki. Mimi nilifika kesho yake nikakuta majivu yameloa. Unataka nimpe mtoto jina lililoloa?"

Bernadeta alikuwa amelitegemea jibu hilo tangu asikie kengele ya baiskeli, na bado lilimuuma.

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Moto unawashwa palepale ulipozimiwa. Aliyeuzima ndiye anayeuwasha. Sisi tunakaa nao mpaka ufe wenyewe, tunazoa majivu, tunanyoa nywele, yameisha. Siku hiyohiyo mtoto anaitwa jina lake." Mzee Ngosha aliyasema hayo kama anayemtuma mtu chumvi dukani.

Malimi, aliyekuwa mlangoni, akakohoa. "Baba mkubwa, pale ni kwenye Jumba la Mawe. Limeuzwa lile. Jumatatu linabomolewa. Geti lao la muda nimelichomelea mimi mwenyewe wiki iliyopita."

Bernadeta akasimama, akajifunga kanga yake upya kiunoni, akakaza fundo.

"Leo Jumanne," alisema. "Basi siku zipo."

Jumba la Mawe lilikaa juu ya mwamba upande wa Kapripointi, likitazama ghuba yote, na kuona mbali ndiko kulikoliponza. Wazee walisema Mjerumani alilijenga ili akae barazani anywe chai akitazama ziwa, lakini chai yenyewe hakuinywa sana. Ilipokuja vita ya kwanza ya wazungu, Mwingereza akamtoa, akaweka makao makuu yake mlemle. Baadaye likakaliwa na mabwana shamba, wahasibu na familia moja ya Kigoa. Ilipokuja vita yetu wenyewe, ya Kagera, jeshi lilipanda mwamba ule bila kuuliza njia. Sebuleni zikatandazwa ramani, jikoni kukawa na redio za upepo, na uani, chini ya ngazi za mawe, yakaanza kupangwa malori.

Vita ilipokwisha, jumba lilikabidhiwa shirika moja la umma ambalo kazi yake hakuna aliyeielewa vizuri, hata wale waliokuwa wakilipwa mshahara nalo. Na sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mambo yote yakiitwa huria. Shirika lilikuwa limekufa, samani zake zimeuzwa kwa mnada, na jumba limenunuliwa na tajiri mmoja wa minofu ya sangara aliyetaka kujenga hoteli. Mawe ya Mjerumani aliyaona ya kizamani. Alitaka vioo.

Chenge alikuwa dereva wa lori la ushirika wa pamba. Mwaka wa sabini na nane malori yalipochukuliwa kwenda kubeba askari na unga, madereva walichukuliwa pamoja na malori yao, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu nchi ilikuwa imevamiwa. Kila asubuhi madereva walijipanga uani pale wakaitwa majina. Wake zao walisimama nje ya uzio, watoto mgongoni, wakisikiliza. Mwitaji alikuwa kapteni mmoja Mhaya, Nestory, mrefu, mwenye sauti ya kufika ziwani. "Chenge Mihayo!" "Nipo, afande!" Bernadeta akishasikia hivyo alikuwa anaondoka zake sokoni, siku yake imeanza vizuri.

Kisha Chenge akatumwa mbele na lori lake, na ikaja siku ambayo kapteni mwenyewe alimfuata Bernadeta pale uzioni, akamwingiza ndani hadi chini ya ngazi, akamwambia. Lori lilikanyaga bomu la kutegwa ng'ambo ya Mto Kagera. Chenge alizikwa hukohuko. Aliyasema haraka, kisha akabaki amesimama, kofia mkononi.

Hapo ndipo Bernadeta alipofanya kosa ambalo mwanamke wa kwao tu ndiye angelifanya. Angekuwa wa kabila jingine labda angezimia, akabebwa, akapelekwa nyumbani, mambo yakaanzia nyumbani. Yeye aliketi. Alivua kanga ya juu, akaitandika chini palepale uani kwa jeshi, akaketi juu yake, akalia kwa sauti ya msiba. Wanawake waliokuwa nje walipoisikia wakaingia, hakuna askari aliyethubutu kuwazuia, wakaketi naye. Madereva wakavunja makasha matupu ya risasi wakawasha moto. Na kwa ukoo wa akina Mihayo, pale msiba ulipoketi kwanza na moto wake ukawashwa, hapo ndipo penye matanga. Hayahamishwi. Bernadeta aliweka matanga ya mumewe kwenye makao makuu ya vita.

Jioni ikaingia. Mji mzima ulikuwa unakaa gizani siku zile. Watu walifunika madirisha kwa blanketi, taa za magari zilipakwa rangi, hata mvuta sigara alikaripiwa. Na juu ya mwamba, mahali panapoonekana kutoka ghuba nzima, moto wa Chenge ulikuwa unawaka vizuri sana. Kapteni Nestory alitoka barazani akasema, "Zimeni." Hakuna aliyejongea. Akasema tena. Kisha akashuka ngazi mwenyewe, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya lori, akaumwagia. Hakumtuma askari. Bernadeta alikumbuka sauti ile ya moto kunyweshwa maji kuliko alivyokumbuka kitu kingine chochote cha vita.

Kesho yake alirudi na Mzee Ngosha kuomba majivu, wakakuta matope meusi. Walipokuwa bado uzioni, madereva wakajipanga, na Kapteni Nestory akaanza kuita. Alipofika mahali pake akaita, "Chenge Mihayo!" Kimya. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyecheka. Asubuhi iliyofuata akaliita tena. Bernadeta aliondoka akiwa na hakika kwamba mtu yule hana hata adabu ya kukumbuka nani amekufa, na hakurudi tena uzioni. Chuki ile aliitunza vizuri. Aliilea pamoja na watoto.

Jumatano asubuhi alipanda mwamba. Getini alimkuta mlinzi mmoja mtu mzima, Shaibu, amevaa sare ya kampuni ya ulinzi iliyokuwa kubwa kwake mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka kuingia uani niwashe moto."

Shaibu alidhani hajasikia vizuri. Aliposikia vizuri, alisema hana mamlaka hayo, aende akamwone mwenye kampuni, ofisi iko mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la redio. Mwenye kampuni anaitwa Meja mstaafu Nestory.

Bernadeta alishika nondo za geti la mwanawe, akacheka peke yake. Siku zile kila ofisa aliyestaafu alikuwa anafungua kampuni ya ulinzi, sawa. Lakini mtu yuleyule, kwenye ua uleule? Hata kuhangaika kumtafuta hakupewa nafasi.

Meja alimpokea kwa heshima. Mvi zilikuwa zimeshuka hadi kwenye masharubu, na goti moja lilikuwa linamsumbua. Alimkaribisha kiti, akaagiza soda, na Bernadeta alipotaja jina la Chenge, uso wote ukafunga kama duka saa ya swala.

"Mama, ile ni mali ya mtu binafsi sasa. Mimi nalinda tu."

"Uani tu, afande. Nusu siku."

"Na kuhusu siku ile," alisema, ijapokuwa Bernadeta alikuwa hajaitaja siku ile, "mimi nilifanya kazi yangu." Akasimama, goti likalia. Mazungumzo yakawa yamekwisha, soda haijafunguliwa.

Sasa nikwambie kazi ya Bernadeta, kwa sababu ndiyo iliyomsaidia. Alikuwa anakaanga mapanki. Viwanda vya Mwanza vilikuwa vinakata minofu ya sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa yenye vichwa, ndiyo mapanki, inabaki kwa ajili yetu wenye ziwa. Bernadeta aliyachukua kwenye viwanda, akayakaanga Igoma kando ya barabara ya Musoma, na mikono yake ilisifiwa. Yale yaliyokuwa karaini mwake kwa kawaida yalitoka kwenye kiwanda cha tajiri huyohuyo aliyenunua Jumba la Mawe.

Alhamisi, jua halijakolea, alipakia karai, jiko, dumu la mafuta na gunia la mapanki kwenye mkokoteni, akavuka mji, akapanda mwamba, akajipanga mbele ya geti.

"Mama," alisema Shaibu akiwa na huzuni ya kweli, "hapa biashara hairuhusiwi."

"Si mmesema biashara huria?"

Shaibu akakosa la kujibu. Wakubwa zake wenyewe wangekosa. Adhuhuri mafundi waliokuwa wanang'oa milango ya mninga ndani ya jumba walisikia harufu, wakatoka mmoja mmoja, wakarudi wawili wawili. Ijumaa walikuja na wenzao kutoka bandarini. Jumamosi palikuwa na foleni, Shaibu mwenyewe akiipanga, na moshi wa mafuta ya sangara ulikuwa unapanda ngazi za mawe, unaingia sebuleni kulikokuwa na ramani zamani, unakaa. Ilisadifu kwamba siku hiyo tajiri aliwaleta wageni wake wa hoteli kuona mandhari. Mandhari waliiona. Harufu waliondoka nayo kwenye mashati.

Usidhani alikuwa anafanya mzaha. Usiku alikuwa anarudi Igoma mgongo umekufa ganzi, anamkuta Precious anamtembeza mtoto chumbani, anampokea, anamwimbia wimbo usio na jina ndani yake, maana nyimbo zote anazozijua za kubembeleza zinataka umtaje mtoto. Alikuwa anaogopa. Jumatatu katapila lingepanda mwamba, ua ungekuwa kifusi, na baada ya hapo hata Mzee Ngosha akitaka kulegeza hatakuwa na mahali pa kulegezea. Mjukuu angekua na jina la kuokoteza. Na Chenge, aliyezikwa na watu asiowajua katika nchi asiyoijua, angekuwa amekwisha kabisa. Kila akifikiri hivyo alikuwa anaamka mapema zaidi.

Jumamosi hiyo mchana gari la Meja likapanda. Foleni ikayeyuka. Meja akashuka kwa shida, akasimama upande wa pili wa karai.

"Mama, unataka nini?"

"Karibu ule kwanza, afande."

"Sikuja kula." Alivuta pumzi. Ilionekana hotuba alikuwa ameiandaa njiani. "Mji ulikuwa gizani. Moto ule ulikuwa unaonekana mpaka ng'ambo ya ghuba. Chini yetu kulikuwa na matangi ya mafuta, kuna bandari, kuna watu wamelala. Ningeuacha ningekuwa nimewaua. Wewe ulikuwa na msiba mmoja, mimi nilikuwa naogopa misiba elfu."

"Najua," alisema Bernadeta.

Meja akatulia. Alikuwa amejiandaa kusukuma mlango, kumbe uko wazi.

"Unajua?"

"Ndege si ilikuja? Ikadondosha mabomu yake, yakaua swala wa watu kule kisiwa cha Saanane. Mimi nilikuwa chini ya kitanda na Malimi. Nikasema, heri moto wangu ulizimwa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na bado nikakuchukia. Yote mawili yalikuwemo."

"Sasa unanidai nini?"

Bernadeta aligeuza kipande cha panki, akafuta mkono kwenye kanga. Yeye hakuwa na hotuba. Alikuwa na neno moja tu ambalo lilikuwa limemjia Ijumaa akisikiliza walinzi wakipeana zamu, huyu anasema nimekabidhi, yule anasema nimepokea.

"Ulitoa amri moto uzimwe," alisema. "Nani aliitengua?"

"Vita viliisha, mama."

"Viliisha redioni. Askari wako waliambiwa warudi nyumbani, wakarudi. Madereva waliambiwa. Watu mjini waliambiwa wafunue madirisha. Uani pale hakuna aliyekuja kuniambia, Bernadeta, sasa washa. Nimeitii amri yako miaka yote hii, afande. Mwanangu ameitii. Sasa kuna mtoto hapo Igoma anaitii naye, hana hata jina, anaitii amri iliyotolewa baba yake akiwa bado anakojoa kitandani."

Bernadeta aligeuza kipande kingine.

"Wakwe zangu wanasema aliyeuzima ndiye auwashe. Nilidhani ni ukaidi wao. Lakini nyie jeshini, amri inatenguliwa na nani?"

Meja alitazama ndani ya geti, kuelekea uani. Alitazama kwa muda hadi mafuta yakaanza kutoa moshi mweusi.

"Samaki wako anaungua," alisema, akarudi kwenye gari, akaondoka.

Jumapili Bernadeta hakuleta karai. Alileta kuni. Alikuja na Malimi, Precious na mtoto, wanawake wa jumuiya yake kutoka Igoma, na Mzee Ngosha aliyevaa koti lake la harusi na kubeba wembe mpya mfukoni. Wakaketi nje ya geti. Shaibu aliwasalimia wote, akawaomba radhi wote, hakufungua.

Kengele za kanisa zililia kule chini, zikanyamaza. Jua likapanda. Miamba ikaanza kutoa joto. Wanawake walijifunika kanga vichwani, na mama mmoja akauliza kwa upole kama kuna mtu aliyeahidi kuja.

"Hakuahidi," alisema Bernadeta.

Mzee Ngosha alijikuna kidevu. Taratibu zake zilikuwa zimeanza kumwelemea mwenyewe. "Shemeji, labda tungeangalia kama kuna namna..."

"Hakuna namna, shemeji. Ulisema vizuri. Tutakaa."

Na alikaa, mgongo wima, kama aliyealikwa. Kusema kweli moyo wake ulikuwa chini. Lakini alikuwa ameshaondoka mara moja kwenye uzio ule akiwa ameshindwa, na aliijua ladha yake. Hakutaka kuionja tena.

Misa ya pili ilipotoka, gari likapanda. Meja alikuwa na suti ya kanisani. Mkononi alishika kiberiti.

"Shaibu, fungua."

"Afande, mwenye nyumba alisema mtu yeyote asi..."

"Kesho geti ni lake. Leo ni langu. Fungua."

Wakaingia. Uani palikuwa na milango iliyong'olewa imelazwa, vigae, mbao za dari. Hakuna aliyemwonyesha Meja mahali. Alienda moja kwa moja mpaka chini ya ngazi, kushoto, palipo na ufa kwenye mwamba, akasimama. Malimi na wanawake wakapanga kuni. Meja akavua koti, akampa Shaibu. Kisha akafanya jambo ambalo Mzee Ngosha hakuliagiza na hakuwa na utaratibu wake. Alibana visigino, goti lile bovu likanyooka, akasema kwa sauti ya kufika ziwani:

"Amri ya kuzima moto katika ua huu niliitoa mimi. Leo nimeitengua."

Akachutama. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikazimika. Watu wote walikuwa wanatazama, na Bernadeta hakumsaidia, wala hakutaka mtu amsaidie. Njiti iliyofuata ikashika.

Moto wa mchana hauna fahari. Miali yake haionekani, unaona tu hewa inacheza. Lakini moshi ulipompata Bernadeta machoni, alitandika kanga yake chini, akaketi, na sauti ile ikatoka, ileile ya uani kwa jeshi, kana kwamba habari ndiyo kwanza imefika. Alimlilia Chenge aliyekuwa ananuka dizeli na pamba. Alimlilia kwa kuwa hakuzeeka. Alimkasirikia pia, kwa kufa mbali na kumwachia kazi yote hii. Wanawake walimpokea, na kilio kikapanda kwenye kuta za Mjerumani ambazo kesho yake hazingekuwepo. Hilo halikumhusu tena. Ua ulikuwa umefanya kazi yake.

Meja alitaka kuondoka. Mzee Ngosha akamvuta kigoda. "Aliyewasha hukaa," alimwambia. Akakaa, katikati ya wanaume, mashati yao yakiloa jasho, na kwa muda mrefu hakuna aliyemsemesha.

Kuni zilipokuwa zimeshuka na kilio kimetulia, Bernadeta alimgeukia.

"Afande, kuna jambo nimekaa nalo. Alipokwisha kufa, kwa nini ulikuwa unamwita asubuhi?"

Meja aliutazama moto. "Nilikuwa najua amekufa, mama. Aliyekuja kukwambia si mimi? Lakini kila nikifika jina lake, mdomo ulikuwa unalitaja wenyewe. Nilishindwa kuliruka. Niliita mpaka siku tunafunga kambi." Akapapasa goti lake. "Madereva walinielewa. Hakuna aliyewahi kuniambia niache."

Bernadeta aliitafuta chuki aliyokuwa ameilea muda wote ule mahali pake pa kawaida, akakuta huzuni tu, na huzuni aliizoea.

Moto ukafa wenyewe, bila haraka. Mzee Ngosha alisubiri hata uvuguvugu uishe, akazoa majivu kwa mikono kwenye ungo, makavu, meupe, akayapeleka hadi ukingo wa mwamba upepo wa ziwa ukayachukua. Akatoa wembe. Akawanyoa Malimi na Bernadeta, na nywele za Bernadeta zilipoanguka zilikuwa za kijivu, na alishangaa kuona zilivyokuwa nyingi. Alipojipapasa kichwa alihisi upepo moja kwa moja kwenye ngozi.

"Matanga yameanuliwa," alisema Mzee Ngosha. "Mleteni mtoto."

Precious akamleta. Mzee Ngosha akajiweka sawa koti la harusi, akafungua mdomo, na hapo Meja akanyanyuka kwenye kigoda.

"Mzee, naomba," alisema. "Wewe ndiye wa kumpa jina. Mimi naomba niliite mara moja tu."

Taratibu hazikuwa na jibu kwa ombi hilo. Mzee Ngosha alimtazama Bernadeta. Bernadeta alimchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akasimama naye pale walipokuwa wakisimama madereva, akatikisa kichwa kukubali.

Meja alibana visigino.

"Chenge Mihayo!"

Mtoto akashtuka, akapanua mdomo, akalia kwa nguvu zake zote. Bernadeta akamwinua juu ili waonane.

"Yupo, afande," alisema. "Huyu hapa."